Kubadilisha tairi la gari nyumbani: maswali yanayorudiwa kuhusu vifaa

Maswali haya ni yale ambayo watu wenye Vitz, IST, Noah, Probox na Hilux huuliza kila mara, wengi wao baada ya kuhangaika na nati moja juani kwa nusu saa. Tukisema "tairi" hapa tunamaanisha gurudumu zima, yaani tairi pamoja na rimu yake. Kulivua tairi kutoka kwenye rimu ni kazi ya fundi pancha, muachie mwenyewe.

## Mambo ya mwanzo

Ni vifaa gani hasa ninavyohitaji?

Vitano: jeki, mpini mrefu wenye soketi inayolingana na nati zako, kabari mbili za kuzuia magurudumu, kipande cha ubao mnene, na spana ya toki (ile inayopima nguvu unayokazia). Vingine vyote, kuanzia impakti ya betri (mashine inayofungua nati kwa mapigo) hadi glavu za mpira, ni starehe. Starehe si dhambi, lakini usianze nazo.

Jeki na wili spana (spana ya nati za magurudumu) vilivyokuja na gari viache palepale kwenye buti. Hivyo ni vya kukufikisha kwa fundi siku ya pancha. Anayezungusha matairi yake (yaani kuyabadilishana nafasi) nyumbani kila baada ya kilomita 10,000 hivi, au anayetaka kukagua breki mwenyewe, atavichukia ndani ya siku moja.

Kwa nini nati hazifunguki kwa spana iliyokuja na gari?

Kwa sababu ni fupi, na aliyekaza mara ya mwisho alitumia mashine ya upepo bila kuangalia kitu. Hesabu yake ni rahisi. Nati ya Toyota ndogo inatakiwa ikazwe kwa nyutoni mita 103 (Nm). Ukiwa na spana ya sentimita 25, hiyo ni sawa na kuweka uzito wa kilo 42 kwenye ncha yake, jambo linalowezekana. Lakini kama mashine ya fundi ilikaza hadi Nm 300, spana ileile inakudai kilo 122. Ndipo watu wanapoanza kurukia spana kwa miguu miwili, spana inachomoka, na goti linakutana na bampa.

Chukua mpini wa sentimita 60. Nati ileile ya Nm 300 sasa inataka kilo 51. Chukua wa mita moja, inataka kilo 31. Nati haijabadilika, wala wewe hujaongeza misuli. Ndiyo maana ukiniuliza ununue kitu gani kimoja tu, nitakwambia mpini mrefu, wala si jeki.

Nikichomeka bomba kwenye spana ya gari si ni yale yale?

Kwa kufungua, ndiyo, wengi wetu tulianzia hapo. Tatizo ni kwamba spana ya gari ni chuma chepesi kilichopindwa, na kichwa chake kinapanuka ukikilazimisha. Kikishapanuka kinateleza na kula kona za nati. Mpini mrefu wa nusu inchi pamoja na soketi nzuri ya kuta nene, yenye kona 6 na si 12, haugharimu pesa nyingi kwenye maduka ya vifaa ya Gerezani pale Kariakoo au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Kwa kukazia, bomba ni mwiko. Sababu iko kwenye swali la spana ya toki.

Nati za gari langu ni saizi gani?

Toyota nyingi ndogo na za kati hutumia soketi ya milimita 21. Honda na Suzuki nyingi, pamoja na Subaru, ni 19. Nissan na Mazda nyingi ni 21. Land Cruiser kubwa zinataka 22. Gari nyingi za Ulaya kama Volkswagen na BMW ni 17, na zenyewe hazina nati bali bolti (tazama sehemu ya hali za pekee).

Usiamini orodha hii kabla ya kujaribu soketi kwenye nati zako, maana gari lililopitia mikono mitatu huwa na nati za kila ukoo. Zile zenye kofia ya bati linalong'aa huvimba kwa kutu ya ndani, na soketi iliyokuwa inaingia mwaka jana inakataa mwaka huu. Za namna hiyo zikitoka, usizirudishe. Nunua za chuma kimoja.

Mimi si mtu wa nguvu. Nitaweza?

Utaweza, ila kuna mpangilio. Legeza nati gari likiwa bado chini, kwa mpini mrefu, ukiuweka ulale kuelekea kushoto kisha uukandamize kwa uzito wa mwili. Usiuvute kwenda juu, utaumia mgongo. Uzito wa mtu wa kilo 55 kwenye mpini wa sentimita 60 unazidi Nm 300. Kunyanyua gari kwa jeki ya gereji ni kazi ya mkono mmoja. Sehemu ngumu kweli ni kulirudisha tairi kwenye stadi (zile skrubu zinazochomoza, ambazo nati hufungwa juu yake), na kwa hilo kuna ujanja wake, uko chini kwenye "Tairi ni zito".

## Kulinyanyua gari

Kuna jeki za aina nyingi. Ipi inafaa nyumbani?

Ya gereji, ile yenye magurudumu manne na mpini mrefu unaopampu. Ya tani 2 inatosha kwa IST, Corolla, hata Noah. Kabla ya kulipa, angalia urefu wake ikiwa imeshuka kabisa. Nyingi za bei ya chini zinasimama sentimita 13 au 14 kutoka ardhini, na gari lililoshushwa au lenye tairi bapa halikupi nafasi hiyo. Zipo fupi za sentimita 8 au 9. Pima chini ya gari lako kwanza, tairi likiwa halina upepo, maana hiyo ndiyo siku utakayoihitaji.

Jeki ya chupa, ile ya mafuta inayosimama wima, ina nguvu kuliko ukubwa wake, lakini huanzia karibu sentimita 20. Ni ya Hilux na Canter. Chini ya Vitz haiingii. Ukiibeba kwenye buti, isimamishe, ikilala huvuja.

Jeki ya mkasi iliyokuja na gari inafanya kazi, polepole. Tatizo lake kubwa ni kitako chembamba.

Jeki yangu ya mkasi inanichosha mikono. Kuna njia?

Kwanza isafishe skrubu yake ndefu kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, kisha upake grisi. Nyingi hazijawahi kuona grisi tangu zitoke Japani. Pili, badala ya kile kichuma kinachoning'inia, tafuta kipande cha kuunganishia: upande mmoja kinashika skrubu ya jeki, upande wa pili kinapokea soketi. Hapo unazungusha kwa mpini wa racheti bila kukwaruza vidole kwenye lami. Kuna wanaozungusha kwa impakti. Jeki inapanda kwa sekunde chache, na meno ya skrubu yanaisha kwa miezi michache.

Niweke jeki wapi?

Tazama ule ukingo wa bati ulioning'inia chini ya milango, nyuma kidogo ya tairi la mbele na mbele kidogo ya tairi la nyuma. Utaona alama mbili za kukatwa karibu karibu. Jeki inakaa katikati yake. Jeki ya mkasi ina mfereji kichwani kwa ajili ya ukingo huo. Ya gereji haina. Kichwa chake cha bakuli kitaukunja ukingo, na rangi ikipasuka pale, kutu inaanza. Dawa yake ni kipande cha mpira mnene chenye mfereji katikati, kinachouzwa kwa bei ndogo. Kikikosekana, chonga mwenyewe kutoka kwenye ubao mgumu.

Usiweke jeki chini ya sampo ya injini (bakuli lake la mafuta), wala kwenye sakafu ya gari. Sakafu itapanda, gari litabaki.

Handbreki nimevuta na gia iko P. Kabari za nini tena?

Swali hili linastahili jibu refu kwa sababu watu wazima wenye akili zao hukosea hapa.

Handbreki kwenye gari nyingi inakamata magurudumu ya nyuma tu. Ukinyanyua moja la nyuma, gari limebaki linashikiliwa na lile moja lililobaki. Na P? Kwenye gari linalovuta kwa mbele, P inafunga giaboksi, lakini kati ya giaboksi na magurudumu kuna difu. Kazi ya difu ni kuruhusu gurudumu moja lizunguke tofauti na jingine. Ukinyanyua tairi moja la mbele, lile la hewani liko huru kuzunguka, kwa hiyo na la chini nalo liko huru kubingirika upande wa pili. P imefunga, na gari linaweza kusogea.

Kabari mbili, mbele na nyuma ya gurudumu lililo mshazari na lile unalonyanyua, zinamaliza habari. Jiwe linafaa ikiwa ni pana na lina kona. Jiwe la mviringo ni mpira wa miguu. Kabari ya kuchonga kwa kipande cha mbao cha inchi 4 kwa 4, kilichokatwa mshazari, inadumu miaka.

Uwanja wangu ni mchanga. Jeki inazama.

Ubao wa sentimita 30 kwa 30, unene sentimita 3 au zaidi, chini ya jeki. Mimi nilijifunza hili kwa gharama: jeki ya mkasi ilizama upande mmoja, ikainama taratibu kama mzee anayesinzia, na gari likashukia kwenye diski ya breki. Tairi lilikuwa limeshatoka. Hakuna aliyeumia, lakini kulinyanyua tena gari lisilo na tairi, lililolalia diski mchangani, kulitaka jirani wawili na asubuhi nzima.

Jeki ya gereji ina tatizo la ziada: inatakiwa ibingirike kidogo inapopanda, kwa sababu mkono wake unachora upinde. Mchangani magurudumu yake hayabingiriki, hivyo inavuta gari pembeni. Ilaze kwenye ubao mrefu, kama mita moja, iwe na njia. Na kama uwanja una mteremko unaoonekana kwa macho, toa gari upeleke pengine.

Siingii chini ya gari. Stendi nazo ninazihitaji?

Kwa tairi moja la dakika kumi, unaweza kuishi bila stendi (miguu ya chuma ya kuegemezea gari) ukifanya hivi: tairi unalolivua, au spea, lilaze chini ya ukingo wa gari karibu na jeki. Jeki ikisaliti, gari litalalia tairi na si diski au mguu wako. Kama uliweka spea, ukishalivua tairi vibadilishane nafasi.

Kwa kukagua breki au kuzungusha matairi yote manne, nunua stendi mbili. Jeki ni ya kunyanyulia, stendi ni ya kushikilia. Mafuta ya jeki hupita kwenye mipira iliyochoka bila kupiga hodi. Matofali ya saruji usiyatumie kabisa. Yanapasuka yakibebeshwa mzigo kwenye eneo dogo, na hayatoi onyo.

## Kufungua

Impakti ya betri inafaa kununuliwa?

Inafaa kama unafanya kazi hii mara nyingi, au mna magari matatu kwenye ua mmoja. Ya volti 18 au 20 yenye kichwa cha nusu inchi hufungua nati nyingi kwa sekunde mbili. Tumia soketi zake maalumu, nyeusi, za kuta nene. Soketi zile zinazong'aa ni za mkono na zinaweza kupasuka.

Sharti moja: ifungue, isikaze. Ukikazia kwa impakti umegeuka kuwa yule fundi uliyekuwa unamlalamikia.

Na ile ya volti 12 inayochomekwa kwenye kiberiti cha gari?

Okoa pesa yako. Tundu la kiberiti limefungwa fyuzi ambayo mara nyingi ni ya ampea 15, na umeme huo hautoshi kupiga nati iliyokazwa vibaya. Mashine inajikusanya, inapiga "ta!", inapumzika, inapiga tena, na mwisho fyuzi inaungua. Zinazobanwa moja kwa moja kwenye betri ni afadhali kidogo. Mpini mrefu unazishinda zote mbili na hauhitaji umeme.

Nati imeshika kutu. Nifanyeje?

Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu kwenye mdomo wa nati, subiri robo saa, igonge kichwani mara kadhaa kwa nyundo kupitia soketi, kisha jaribu kukaza kidogo kabla ya kufungua. Msukumo ule mdogo wa kulia unavunja kutu. Angalia mafuta yasiruke kwenye diski ya breki. Kabla ya kurudisha nati, futa mafuta hayo kwenye stadi (sababu iko kwenye swali la grisi).

Nati zote zimetoka lakini tairi halitoki.

Karibu pwani. Dar, Tanga, Mombasa na Unguja chumvi ya hewani inaunganisha rimu na haba (kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa kwake) kana kwamba zimechomelewa, hasa rimu za alumini. Usipige rimu kwa nyundo ya chuma.

Rudisha nati zote kwa mkono, kila moja ikiwa imelegea kama mzunguko mmoja. Shusha gari, endesha mbele na nyuma mita moja hivi ukikanyaga breki ghafla. Utasikia mlio wa kuachia. Nyanyua tena na utoe. Ukiwa hutaki kuliendesha, kaa chini huku gari likiwa kwenye stendi na upige tairi, si rimu, kwa kisigino, juu kisha chini, kushoto kisha kulia.

Likishatoka, kwangua kutu ya haba kwa brashi ya waya. Dakika tano hizo zitakuokoa mwaka ujao.

Kuna nati moja yenye umbo la ajabu, soketi haiingii.

Hiyo ni loki nati, ya kuzuia wezi wa rimu. Ina ufunguo wake, kichuma kidogo kama soketi chenye maua ndani. Tafuta kwenye droo ya dashibodi, chini ya zulia la buti, kwenye mfuko wa jeki, na katikati ya spea. Magari mengi yaliyotumika huja kutoka Japani yakiwa na loki nati na ufunguo umebaki huko.

Ukikosekana, kuna soketi zenye meno yaliyojipinda ndani, zinazojing'ata kwenye nati kadiri unavyozungusha kushoto. Baadhi ya mafundi hugongelea soketi ndogo ya zamani kwa nyundo, nayo hufanya kazi na kufa hapohapo. Zitoe loki nati zote nne, moja kwa kila gurudumu, leo, uweke nati za kawaida. Usingoje upate pancha usiku ndipo ugundue.

## Kurudisha na kukaza

Tairi ni zito, nashindwa kulenga stadi.

Usilinyanyue kwa mikono. Tairi la inchi 15 lenye rimu lina kilo kama 15, na la Prado linapita mara mbili ya hapo. Shusha jeki mpaka haba iwe juu kidogo tu ya mahali ambapo tairi litakaa, kisha lisogeze likiwa limesimama ardhini. Baada ya hapo chomeka koleo, nondo au ubao chini ya tairi, weka kipande cha mbao kama egemeo, na ukanyage ncha kwa mguu. Tairi linapanda kwa mguu, mikono miwili inabaki huru kulilenga. Vipo vyuma vilivyotengenezwa maalumu kwa kazi hii, lakini koleo la bustani ni kifaa kilekile.

Funga nati ya juu kwanza, kwa vidole.

Spana ya toki ni nini, na kweli ninaihitaji?

Ni mpini wenye kipimo. Unazungusha mshikio mpaka namba unayotaka, unakaza, na ikifika inalia "ka!" huku mkono ukihisi kama imevunjika kidogo. Hapo unaacha. Usiivute mara ya pili na ya tatu kujiridhisha, maana kila mvuto unaongeza.

Unaihitaji kwa sababu mkono unadanganya. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye spana ya sentimita 40 anakaza hadi karibu Nm 275, zaidi ya mara mbili na nusu ya kinachotakiwa. Stadi inavutika kama lastiki iliyozeeka, diski ya breki inaweza kupinda, na ukikanyaga breki usukani unatetemeka. Watu hubadilisha pedi, hubadilisha diski, wanalaumu barabara, kumbe ni nati.

Nunua ya nusu inchi inayopima kati ya Nm 40 na 200 hivi. Usiifungulie nati kamwe. Ukimaliza, irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa kabla ya kuihifadhi, ili springi isichoke.

Nikaze kwa nguvu ngapi?

Toyota nyingi ndogo, zikiwemo Vitz, IST na Corolla, ni Nm 103. Honda Fit na ndugu zake ni 108. Volkswagen Golf na Passat nyingi ni 120. Land Cruiser ya 200 yenye rimu za alumini ni 131, na yenye rimu za chuma ni 209. Tofauti hiyo ni kubwa, usichanganye. Namba sahihi ya gari lako iko kwenye kitabu chake, hata kama ni cha Kijapani: tafuta "N·m" karibu na picha ya gurudumu.

Kaza kwa kuruka: kwenye nati tano unafuata mistari ya nyota, kwenye nne unafuata msalaba. Mzunguko wa kwanza kwa nusu ya nguvu tairi likiwa limegusa ardhi kidogo, wa pili kwa nguvu kamili gari likiwa chini.

Nati inaingia mizunguko miwili halafu inakataa.

Simama. Ama imeingia mshazari, ama si ya gari hilo. Toyota, Honda na Mitsubishi wanatumia uzi wa 1.5 (milimita kati ya jino na jino), Nissan, Subaru na Suzuki wanatumia 1.25. Kwa macho zinafanana. Ukilazimisha kwa spana, stadi imekufa. Nati nzima inatakiwa iingie kwa vidole karibu mpaka mwisho.

Angalia na kitako chake. Rimu nyingi za alumini za Toyota kutoka kiwandani zinataka nati yenye shingo ndefu na washa (pete ya chuma) bapa. Rimu za chuma na za dukani zinataka kitako cha koni. Rimu asilia za Honda zinataka kitako cha duara kama mpira. Ukibadilisha rimu, ulizia na nati zake. Hapo ndipo tairi linapotoka barabarani ilhali nati "zilikazwa".

Nipake grisi kwenye stadi ili siku nyingine zifunguke kirahisi?

Hapana. Namba za kukazia zimepimwa kwenye uzi mkavu na msafi. Ukipaka mafuta, msuguano unapungua, na Nm 103 zilezile zinaivuta stadi kupita kiasi. Grisi ya kuzuia kutu paka kidogo sana kwenye uso wa haba, pale katikati rimu inapokaa, na usiguse stadi wala diski.

Kwa nini naambiwa nikaze tena baada ya siku chache?

Rimu hujikalisha. Vumbi, rangi, kutu kidogo vinasagika, na nati inapoteza mkazo. Baada ya kilomita 50 hadi 100, pitisha spana ya toki kwenye nati zote. Ikilia papo hapo, umemaliza.

## Upepo na spea

Pampu ndogo ya volti 12 ina maana gani kama fundi yupo kona?

Spea uliyoisahau miaka miwili haina upepo, na fundi wa kona hufunga saa mbili usiku. Pampu ya kiberiti inatosha. Washa injini, pampu usiiendeshe zaidi ya dakika kumi mfululizo kabla ya kuipumzisha, na jaza kwa namba iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Stika za Japani huandika kipimo cha upepo kwa kPa: gawa kwa 6.9 upate PSI. Kwa hiyo 230 ni kama 33.

Gari langu halina spea, kuna kopo na kipampu.

Magari mengi ya karibuni yanakuja hivyo. Kopo ni la gundi ya kuziba tundu dogo la msumari. Halizibi ubavu uliochanika, na lina tarehe ya mwisho ambayo, kwa gari lililotumika Japani miaka saba, imeshapita zamani. Nunua spea ya saizi yako pamoja na jeki na wili spana, maana gari lisilo na spea mara nyingi huja bila hivyo pia. Ukitumia gundi, mwambie fundi pancha kabla hajafungua.

Spea yangu ni nyembamba kama ya pikipiki.

Ni ya muda. Inajazwa PSI 60 (kPa 420), mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, na safari ni ya kwenda kwa fundi, si ya Dar hadi Morogoro. Soma na umri wake ubavuni: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, hivyo 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009.

## Hali za pekee

Spea ya Noah au Hilux iko chini ya gari. Nawezaje kuishusha?

Kuna tundu nyuma, karibu na bampa au ndani ya buti. Unachomeka fimbo iliyoko kwenye mfuko wa jeki na kuzungusha kushoto. Mnyororo unashuka na tairi. Fanya hivyo mara mbili kwa mwaka hata bila pancha, na upake grisi, kwa sababu matope yakikauka mle hakuna atakayekushushia barabarani. Gari likiwa na pancha, shusha spea kabla ya kunyanyua.

Gari la Ulaya lina bolti badala ya nati. Kuna kifaa cha kusaidia?

Kipo na ni rahisi: fimbo ya chuma yenye uzi upande mmoja, inayofungwa kwa mkono kwenye tundu la juu la haba. Unaning'iniza rimu juu yake, unafunga bolti nyingine nne, unaitoa, unafunga ya tano. Bila hiyo unahitaji mikono mitatu. Volkswagen nyingi ni uzi wa M14 kwa 1.5 (unene milimita 14, nafasi ya meno 1.5). Ukikosa ya kununua, bolti ndefu ya uzi huohuo iliyokatwa kichwa inafanya kazi.

Niko Sweden, nabadilisha matairi mara mbili kwa mwaka. Ushauri uleule?

Uleule, ila kwako impakti si starehe tena. Sweden sheria inataka matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi barabara zikiwa na hali ya baridi, na Québec ni kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Hiyo ni nati ishirini kutoka na ishirini kuingia, mara mbili kila mwaka. Andika kwa chaki ndani ya kila tairi lilipotoka (mbele kulia, nyuma kushoto), kwangua haba kila mara kwa sababu chumvi ya barabarani huko inafanya kazi ileile ya chumvi ya bahari huku, na fanya kazi yenyewe kabla vidole havijaganda.

Stadi imekatika nikikaza. Naweza kuendesha?

Moja kati ya tano, polepole, mpaka kwa fundi, si kesho kutwa. Moja kati ya nne, mwite fundi aje na stadi mpya. Kwenye haba nyingi inagongwa kutoka na mpya inavutwa ndani kwa nati na washa. Zikikatika mbili, gari lisitoke. Na kagua zilizobaki, kwa maana aliyeikaza hiyo kupita kiasi alizikaza na wenzake.

Fundi pancha amenirudishia tairi. Nimwambieje asikaze kwa mashine?

Mwambie kwa heshima kabla hajaanza: "Fundi, nati nifungie kwa mkono tu, nitamalizia mwenyewe." Wengine watacheka. Kaa hapo hapo, toa spana yako ya toki kwenye buti, umalizie mbele yake. Wangu alicheka mara ya kwanza. Mara ya tatu aliniomba aijaribu, na siku hizi nikichelewa kuipeleka ananiuliza iko wapi.